Beryl Markham, Rubani Aliyekubali Kufunzwa
Hapa Katilu ndege ndogo ikipita kwenda Lodwar, sote huinua macho. Mimi humkumbuka Beryl Markham.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa Kenya angali mtoto, akakulia Njoro kati ya farasi wa babake. Mwalimu wake wa urubani alikuwa Tom Campbell Black.

Tarehe 14 Mei 1931 rafiki yake, Denys Finch Hatton, alianguka na ndege Voi, akafa pamoja na mtumishi wake Kamau. Beryl alisimulia kwamba naye alialikwa safari hiyo, ila Tom akamkataza.

Je, aliacha kuruka? La! Mwaka huohuo alipata leseni. Tom hakufundisha kwa maneno matupu: karibu na vilima vya Ngong alimwacha aone upepo ukiishusha ndege, ndipo akamsahihisha. Alimfunza pia aamini dira kuliko hisia zake.

Septemba 1936 Beryl alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kuelekea magharibi. Mafuta yalipokatika, alitua matopeni Kanada, akapona. Wiki mbili baadaye Tom akafa, ndege nyingine ilipomgonga uwanjani Liverpool. Beryl alifariki Nairobi mwaka wa 1986.

Watu husema ajali haina kinga. Mimi nakataa kidogo. Ajali ikishaua, walio hai wana deni: waulize imetokeaje, wamfunze anayefuata. Hata sisi, kwenye barabara ya Kitale hadi Lodwar, tukizika tu bila kuuliza, basi tutazidi kuzika.