MRITHI ALIYEKIKOSA KITI

Ndugu zangu vijana, nani kati yetu hajasikia habari za Khalifa Umar bin Abdul-Aziz na uadilifu wake? Lakini huyo Abdul-Aziz, baba yake, wangapi tunamjua?

Abdul-Aziz alikuwa mtoto wa Marwan bin al-Hakam, wa ukoo wa Banu Umayya. Marwan alishika ukhalifa mwaka 684 (64 Hijria), na haukupita mwaka akafa. Kabla ya hapo alikuwa ameshapanga urithi: kwanza Abdul-Malik, kisha nduguye Abdul-Aziz. Basi tangu mwaka 685 Abdul-Aziz akawa ndiye khalifa anayengojewa.

Hakungoja bure. Alikuwa liwali wa Misri kwa karibu miaka 20. Aliujenga upya na kuupanua Msikiti wa Amr bin al-As pale Fustat. Tauni ilipoingia mjini alihamia Hulwan, kando ya mto Nile, akajenga huko na kupanda mitende na mizabibu.

Kisha mtihani ukaja. Abdul-Malik alitaka kiti kiende kwa mwanawe, al-Walid, akamwandikia nduguye ajitoe. Abdul-Aziz akakataa. Alijibu kuwa naye ana mtoto anayemtakia makubwa. Akamwomba nduguye asimharibie umri uliobaki, manake wote wawili walikuwa watu wazima na hakuna aliyejua nani atatangulia. Hebu fikiria, ndugu wa baba mmoja wanavutana juu ya kesho wasiyoimiliki! Mwaka 705 Abdul-Aziz akafariki huko Misri. Miezi michache baadaye Abdul-Malik naye akafuata, na al-Walid akatawala.

Je, Abdul-Aziz aliondoka mikono mitupu? La hasha. Alikuwa amemuoa Ummu Asim, mjukuu wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Mtoto wao Umar alimpeleka Madina akasome kwa wanavyuoni, wala hakumwacha adekezwe katika nyumba ya liwali. Inasimuliwa kuwa siku moja kijana huyo alichelewa swala ya jamaa kwa sababu alikuwa akitengenezwa nywele. Mwalimu wake, Salih bin Kaysan, akampelekea baba habari. Abdul-Aziz hakumtetea mtoto, wala hakumkasirikia mwalimu. Alituma mjumbe kutoka Misri mpaka Madina, na mjumbe hakuzungumza na kijana mpaka nywele zile zilipokwisha kunyolewa.

Mwaka 717 (99 Hijria) kijana huyo akawa khalifa. Binamu yake Suleiman ndiye aliyemteua, ingawa watoto wengine wa Abdul-Malik walikuwa hai. Alitawala kama miaka miwili na nusu tu, lakini alirudisha mali zilizochukuliwa kwa dhulma, akianza na jamaa zake mwenyewe. Kiti alichokikosa baba kikakaliwa na mwana, tena bila kukigombania.

Wazazi wetu, tunahangaika usiku na mchana tuwaachie watoto ploti na biashara, na hilo si baya. Lakini Ramadhan hii, ustadhi akipiga simu kusema kijana wako haonekani msikitini, usimgombeze ustadhi. Mshukuru, kisha kaa na mwanao. Nasi vijana, tukikemewa kwa ajili ya swala tusinune.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdul-Aziz na mwanawe, na atujaalie kizazi chema. Amin.