Denis Burkitt: daktari wa uvimbe wa taya, na ua lililogeuka dawa

Mtoto akivimba taya katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lundo hadi Mbamba Bay, ushauri humfikia mzazi kabla ya daktari. Mmoja atasema ni jino tu. Mwingine ataleta mizizi ya kuchemsha. Wa tatu atatuma ujumbe wa simu unaodai kwamba majani ya mstafeli yanaua saratani kuliko dawa za hospitali. Wote wana nia njema. Lakini kuna uvimbe mmoja wa taya usiosubiri ushauri. Unaitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda. Maisha ya daktari huyo yanatusaidia kujibu swali tunaloulizwa mara nyingi: je, mimea inatibu saratani?

Daktari wa jicho moja

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto wa shule, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi katika chuo cha Trinity, Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita vya Pili vya Dunia vilimleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 hatimaye akaajiriwa Uganda. Alianzia Lira, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Haikuwa jipu, na haikufanana na ugonjwa wowote wa mfupa aliokuwa akiujua. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye sura ileile. Burkitt alianza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, akagundua kwamba watoto wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa pia na uvimbe tumboni. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo.

Safari ya maili 10,000

Swali lake lililofuata lilikuwa rahisi: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupo? Alituma barua zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Walielekea kusini kupitia Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika Kusini, wakiwauliza madaktari wa hospitali za serikali na za misheni kama wamewahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Walisafiri kama maili 10,000, yaani kilometa 16,000 hivi.

Walichokipata ni ukanda. Uvimbe huo ulionekana mahali penye joto na mvua za kutosha, ukapungua au kutoweka kwenye miinuko yenye baridi. Mwambao wa Nyasa uko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari, una joto na mbu wengi. Hapo ni tofauti na milima ya Umatengo kule Mbinga, ambako usiku watu hujifunika blanketi.

Baadaye sababu zilieleweka zaidi. Mwaka 1964, London, Anthony Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waligundua kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Kirusi hicho kinawaingia watu karibu wote duniani bila kuwaletea saratani. Lakini kwa mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, hatari huongezeka. Uvimbe huu hauletwi na uchawi, wala hauambukizwi kwa kumbeba au kula na mgonjwa.

Kisu kiliposhindwa

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini kukata taya za watoto kuliwaharibu sura bila kuwaponya. Uganda ya wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi. Akageukia dawa. Alizojaribu ni pamoja na methotrexate na cyclophosphamide, zinazotengenezwa maabara, na vincristine, inayotokana na mmea. Baadhi ya watoto uvimbe ulinywea ndani ya siku chache. Wapo ambao haukurudi tena.

Mmea huo ni vinka, ua dogo jeupe au la rangi ya waridi, lenye asili ya Madagaska, ambalo watu wengi hulipanda uani. Katika nchi kadhaa majani yake yalichemshwa kutibu kisukari. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliyapima majani yaliyotoka Jamaika wakitafuta dawa hiyo ya kisukari. Sukari ya damu haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Hapo wakatambua kwamba kitu kinachozuia chembe hizo kuongezeka huenda kikazuia pia saratani ya damu.

Hapa ndipo penye jibu. Watu walikuwa sahihi kuona kwamba mmea una nguvu, lakini kwa kuunywa tu wasingejua una nguvu gani. Tena nguvu hiyo imo kwa kiasi kidogo mno: huhitajika mamia ya kilo ya majani makavu kupata gramu moja ya dawa ya aina hii. Vincristine huingizwa kwenye mshipa wa damu, kwa dozi inayokokotolewa kwa ukubwa wa mwili wa mtoto. Ikizidi huharibu mishipa ya fahamu, na inaweza kuua. Chai ya vinka haina kipimo. Haitaponya saratani, na inaweza kumdhuru anayeinywa.

Vipi kuhusu mimea mingine?

Mstafeli una kemikali zinazoua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, lakini haujathibitishwa kuwaponya watu. Kuutumia kwa wingi kumehusishwa na madhara ya ubongo. Laetrile, inayotokana na mbegu za aprikoti, iliuzwa sana Marekani kama tiba ya saratani. Ilipopimwa kwa wagonjwa haikuwasaidia, na ndani ya mwili hutoa sianidi, sumu ileile inayofanya tuloweke mihogo michungu kabla ya kuila.

Ukiona uvimbe

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Baadaye alijulikana kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, na alifariki tarehe 23 Machi 1993. Ugonjwa wenye jina lake bado upo, na unatibika. Tatizo ni muda: ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote, na uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Wiki tatu za kujaribu mizizi ni muda mrefu mno.

- Mtoto mwenye uvimbe wa taya, jicho au tumbo unaokua haraka, au meno yanayolegea bila sababu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.
- Omba rufaa mapema. Watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.
- Ikiwa ameshapewa mitishamba, mwambie daktari bila aibu. Baadhi huingiliana na dawa za saratani.
- Uvimbe ukinywea, usikatishe matibabu. Maliza dozi zote.
- Mlaze mtoto ndani ya chandarua kila usiku.

Bibi au mganga akikuambia kwamba dawa hutoka porini, usibishane naye. Mwambie ni kweli, baadhi hutoka huko, na sasa unampeleka mtoto mahali zinapopimwa.