Ibn Majid, rubani aliyepima bahari kwa saa

QUITUNDA, Cabo Delgado – Kabla ya injini na setilaiti, usalama wa jahazi lililopita mbele ya rasi ya Afungi ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja: mwalimu, jina walilopewa marubani wa Bahari ya Hindi. Katika karne ya 15, aliyevuma kuliko wote alikuwa Ahmad ibn Majid.

Alizaliwa Julfar, leo Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu, miaka ya 1430. Baba na babu yake walikuwa marubani. Karibu mwaka 1490 alikamilisha kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawa'id, kuhusu nyota, pepo, misimu ya safari na bandari. Mengine aliyaandika kwa mashairi. Shairi lake moja, Sufaliyya, linaeleza njia ya pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala, kusini ya hapa.

Marubani wa zama zake walipima umbali kwa muda. Kipimo chao kiliitwa zam, kinachofanana na neno letu zamu: mwendo wa saa tatu, zam nane kwa siku moja. Kaskazini au kusini walikojua wapo kwa kupima kimo cha nyota kwa vidole. Pwani hii Nyota ya Kaskazini haionekani, hivyo walitegemea nyota nyingine.

Mtego ulikuwa mkondo wa maji, na ungalipo. Kuanzia eneo la Cabo Delgado, mkondo huelekea kaskazini, upande wa Tanzania. Chukua mfano: mashua inakwenda kilomita 8 kwa saa, mkondo una kilomita 3 kwa saa, safari ni kilomita 55. Kwenda na mkondo, mwendo ni 11. Safari ni saa 5. Kurudi dhidi yake, mwendo ni 5; safari ni saa 11. Jumla ni saa 16. Anayedhani kwenda na kurudi hufidiana atagawa 110 kwa 8, apate chini ya saa 14. Zaidi ya saa mbili zitamkuta baharini bila mafuta.

Jina la Ibn Majid lilitiwa doa baada ya kufa kwake. Mwaka 1498 mtawala wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani, naye akawavusha Wareno hadi Calicut. Mwandishi mmoja wa karne ya 16 alidai rubani huyo ni Ibn Majid. Wanahistoria wengi leo wanakataa: wakati huo alikuwa mzee, na kumbukumbu za Wareno zinataja mtu mwingine, yaelekea wa Gujarat.

Alifariki karibu na mwaka 1500. Aliacha somo ambalo mwenye shehena ya samaki kati ya Palma na Mtwara bado analihitaji: kabla ya kung'oa nanga, hesabu safari ya kurudi peke yake.