Joe Louis apimwe kwa mizani ya zama zake

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndivyo yalivyo mabishano ya wapenzi wa ndondi kila wanapokaa kitako kuamua ni nani aliyewapita wenzake miongoni mwa mabingwa wa dunia wa uzito wa juu. Anayempenda Muhammad Ali hutaja alfajiri ile ya Kinshasa, mwaka wa 1974, alipomwangusha George Foreman. Anayempenda Rocky Marciano huhesabu mapigano 49 ya bondia huyo bila ya kushindwa hata mara moja. Vijana nao humtetea Mike Tyson, aliyetwaa taji mwaka wa 1986 akiwa na umri wa miaka 20 tu.

Jina la Joe Louis hutajwa mwishoni, aghalabu na mzee mmoja aliyenyamaza tangu mwanzo. Akishalitaja hujibiwa upesi. Huambiwa kwamba wengi wa wapinzani wa Louis walikuwa dhaifu, kwamba Marciano alimtwanga, na kwamba hakuwahi kufungua kinywa kuwatetea watu weusi wenzake kama alivyofanya Ali. Shtaka hilo la tatu ndilo zito zaidi, na ndilo linalonifanya nishike kalamu leo. Nasema kwamba wanaomhukumu hivyo wanampima mtu wa zama moja kwa mizani ya zama nyingine.

Ili kumfahamu Louis yatupasa kuanza na mtu aliyemtangulia. Mnamo Desemba 1908, mjini Sydney, Jack Johnson alimshinda Tommy Burns na kuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Johnson hakumwogopa mtu. Aliwacheka wapinzani wake ulingoni, akavaa vizuri, akaendesha magari ya kifahari na kuoa wanawake wa kizungu katika nchi ambamo jambo hilo liliweza kumgharimu mtu mweusi maisha yake. Alipomshinda Jim Jeffries mjini Reno tarehe 4 Julai 1910, ghasia zilizuka katika miji mingi ya Marekani na watu wakauawa, wengi wao wakiwa weusi. Mwaka wa 1913 alihukumiwa kifungo kwa kesi iliyotokana na uhusiano wake na wanawake wa kizungu, akatoroka nchi. Serikali ya Marekani ilimsamehe mwaka wa 2018, miaka 72 baada ya kufa kwake.

Johnson alipoteza taji mjini Havana mwaka wa 1915, na mlango ukafungwa nyuma yake. Kwa miaka 22 hakuna bondia mweusi aliyeruhusiwa hata kuliwania taji hilo. Harry Wills alingoja katika miaka yote ya ubingwa wa Jack Dempsey, akazeeka akingoja. Huo ndio mlango ambao Louis aliukuta umefungwa.

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1914 karibu na LaFayette, katika jimbo la Alabama, akaitwa Joseph Louis Barrow. Babake alikuwa mkulima wa pamba katika shamba la wenyewe, akilipa kodi ya ardhi kwa sehemu ya mavuno. Kabla mtoto hajajua kusema vyema, mzee huyo alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na hakurudi. Mamake, Lillie, aliolewa tena baada ya kuaminishwa kwamba mumewe alikuwa amefariki. Mwaka wa 1926 jamaa hiyo ilihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari, kama walivyofanya watu weusi wengi waliokimbia umaskini na vitisho vya kusini.

Huko Detroit kijana alijifunza useremala na baadaye akafanya kazi katika kiwanda cha Ford. Mamake alitaka awe mpiga fidla, akawa anampa pesa za mafunzo. Kijana alizichukua pesa hizo na kuzilipa katika ukumbi wa mazoezi ya ndondi. Katika pigano lake la kwanza la ridhaa, mwaka wa 1932, aliangushwa mara saba. Angeweza kuacha hapo, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa taifa wa ridhaa, na tarehe 4 Julai 1934 akaanza kupigana kwa malipo mjini Chicago.

Waliomsimamia, John Roxborough na Julian Black, walikuwa watu weusi, na mwalimu wake, Jack Blackburn, vivyo hivyo. Watatu hao walikuwa wameyaona yaliyompata Johnson. Wakamwekea kijana wao masharti. Asipigwe picha pamoja na mwanamke wa kizungu. Asimcheke mpinzani aliyeanguka. Asijigambe, asilewe hadharani, asibishane na waandishi wa magazeti. Ule ukimya ambao leo huitwa woga ulikuwa, kwa kweli, ada ya kuingilia ulingoni. Bila ya kuilipa, asingepata nafasi ya kurusha ngumi hata moja ya kuwania ubingwa.

Hata hivyo, ngumi zake zilisema. Mnamo Juni 1935 alikutana na Mtaliano Primo Carnera, jitu kubwa lililowahi kuwa bingwa wa dunia. Wakati huo Mussolini alikuwa akijiandaa kuivamia Ethiopia, na watu weusi wa Marekani hawakuliona pigano hilo kuwa mchezo mtupu. Louis alimmaliza Carnera katika raundi ya 6. Miezi michache baadaye majeshi ya Italia yalivuka mpaka wa Ethiopia.

Kisha akaja Mjerumani Max Schmeling. Huyu aliketi akazitazama filamu za mapigano ya Louis, akagundua kwamba kijana huyo huushusha mkono wake wa kushoto kila baada ya kuurusha. Tarehe 19 Juni 1936 alimpiga kwa mkono wa kulia usiku mzima, hadi akamwangusha katika raundi ya 12. Ilikuwa mara ya kwanza Louis kushindwa kama bondia wa malipo, na serikali ya Hitler ikayatumia matokeo hayo kama ushahidi wa ubora wa rangi yake.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Juni 1937, Louis alipata nafasi yake. James Braddock alimwangusha katika raundi ya kwanza, lakini Louis aliinuka na kumshinda katika raundi ya 8. Mlango uliofungwa tangu 1915 ukafunguka. Nafasi hiyo haikuwa ya bure, maana upande wa Braddock uliahidiwa sehemu ya faida ya mapigano ya Louis kwa miaka 10 iliyofuata.

Pigano la marudiano na Schmeling lilifanyika katika uwanja wa Yankee Stadium, New York, tarehe 22 Juni 1938, mbele ya watazamaji wapatao 70,000. Lilichukua dakika 2 na sekunde 4. Usiku huo taifa lililowakataza watu weusi kuketi na wazungu mkahawani lilimshangilia mtu mweusi kama mwakilishi wake mbele ya dunia. Wazungu wengi hawakuwahi kufanya hivyo kabla ya hapo. Schmeling naye hakuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Meneja wake alikuwa Myahudi, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo aliwaficha vijana wawili wa Kiyahudi walipokuwa wakisakwa.

Sasa tuje kwenye shtaka la wapinzani dhaifu. Louis aliushikilia ubingwa kwa miaka 11 na miezi 8, akautetea mara 25, na hakuna bondia wa uzito wa juu aliyeifikia idadi hiyo hadi leo. Ni kweli kwamba baadhi ya wale 25 hawakuwa wa kiwango chake. Lakini ni bingwa gani mwingine aliyetetea taji lake mara 7 katika muda wa miezi sita hivi, kama alivyofanya Louis kati ya Desemba 1940 na Juni 1941? Wa saba alikuwa Billy Conn, bondia mwepesi na hodari, ambaye baada ya raundi 12 alikuwa akiongoza kwa pointi. Katika raundi ya 13 Conn alitaka kummaliza bingwa badala ya kumkwepa, na Louis akamwangusha sekunde chache kabla ya kengele kulia. Bingwa anayekimbia upinzani hajitii katika hatari kama hiyo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoifikia Marekani, Louis alifanya jambo ambalo wanaomwita kibaraka hawalikumbuki. Januari 1942 alimshinda Buddy Baer na kutoa malipo yake yote kwa mfuko wa kuwasaidia jamaa za wanamaji. Jeshi hilo la majini, wakati huo, halikuwapa watu weusi kazi yoyote ila ya jikoni na kuwahudumia maofisa mezani. Machi mwaka huo alimshinda Abe Simon na kuyatoa malipo yake kwa mfuko wa jeshi la nchi kavu. Kati ya mapigano hayo mawili alijiandikisha kuwa askari. Alizunguka kambi nyingi akiwaburudisha wanajeshi kwa mapigano ya maonyesho. Katika kambi ya Fort Riley, Jackie Robinson na wenzake weusi walipozuiwa kujiunga na mafunzo ya uofisa, Louis aliutumia umaarufu wake kuhakikisha kwamba wanakubaliwa. Hakuitisha mkutano wala kuwaita waandishi. Robinson huyo huyo ndiye aliyeuvunja ubaguzi katika ligi kuu za besiboli mwaka wa 1947.

Asante ya punda ni mateke. Vita vilipokwisha, wakuu wa kodi walimletea Louis hesabu. Pesa alizozitoa kwa majeshi zilihesabiwa kuwa mapato yake na kutozwa kodi, nacho kiwango cha kodi kwa wenye mapato makubwa kilikuwa cha juu mno. Sitasema kwamba yeye mwenyewe hakuwa na lawama. Alitapanya mali, aliingia katika biashara zisizofaa, aliwagawia jamaa na marafiki bila ya kuhesabu, na mkewe Marva aliachana naye mara mbili. Lakini mtu huyu ndiye aliyeirudishia Detroit msaada ambao jamaa yake ilipewa siku za dhiki, jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulifanya. Kufikia 1950 deni lake lilikuwa karibu nusu milioni ya dola, na riba ikazidi kuliongeza.

Louis alikuwa amestaafu Machi 1949 akiwa bingwa. Deni hilo ndilo lililomrudisha ulingoni. Mwaka wa 1950, akiwa na umri wa miaka 36, alishindwa kwa pointi na Ezzard Charles. Tarehe 26 Oktoba 1951 Marciano, kijana wa miaka 28, alimpiga katika raundi ya 8 hadi akatoka nje ya kamba. Pigano hili ndilo linalotajwa na mashabiki wa Marciano kama ushahidi. Wangekumbuka kwamba aliyekuwa mbele ya Marciano usiku huo alikuwa mtu wa miaka 37, mwenye upara, anayepigana ili alipe kodi.

Yaliyofuata yanahuzunisha. Bingwa wa dunia akawa mpiga mieleka ya maonyesho. Baadaye wakuu wa kodi walikubali kutoza mapato yake ya wakati huo tu, lakini afya ilikuwa imekwisha kuzorota. Dawa za kulevya zilimwingia, na mwaka wa 1970 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kama babake kabla yake. Miaka yake ya mwisho aliipitisha Las Vegas, akiajiriwa na hoteli moja ya kamari kuwasalimu wageni, na tangu 1977 akiwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 12 Aprili 1981, akiwa na umri wa miaka 66, na kuzikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington. Schmeling, aliyekuwa amemtafuta na kufanya urafiki naye baada ya vita, alichangia gharama za mazishi. Yule aliyeitwa adui ndiye aliyefungua mkoba.

Ali, katika ujana wake, alimdhihaki Louis kuwa mtu wa kuwanyenyekea wazungu. Wawili hao walipatana baadaye, na mashabiki wao wangefanya vyema kuwafuata. Ali alikataa kwenda vitani mwaka wa 1967 akanyang'anywa taji kwa sababu hiyo, nao ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini aliweza kunyang'anywa taji kwa kuwa kuna mtu aliyetangulia kuwathibitishia wenye ulingo kwamba mtu mweusi anaweza kuruhusiwa kulishika. Johnson aliuvunja mlango, ukafungwa tena. Louis aliufungua polepole, akausimamia kwa miaka 11 ili usifungwe, na ndipo Ali akapita akipiga kelele zake za haki.

Tunapobishana, basi, tusitosheke na kuuliza nani angemwangusha nani, swali ambalo halina jibu. Tuulize kila mmoja alikuta nini na aliacha nini. Na sisi tuliozoea kuwapokea mashujaa wetu wa michezo kwa ngoma uwanja wa ndege, kisha tukawasahau hadi siku ya mazishi, tumtazame mzee yule mlangoni pa hoteli ya kamari. Mcheza kwao hutunzwa, na wakati wa kumtunza ni angali hai.