Patterson na Daraja la Tsavo

Sisi wa Voi tukisikia jina la Patterson tunafikiria simba tu. Lakini bwana huyu hakuletwa huku kuwinda. Aliletwa kujenga daraja, na kazi hiyo haikuwa mchezo.

John Henry Patterson alizaliwa Ireland mwaka wa 1867. Alijiunga na jeshi la Uingereza akatumikia India, akajua na lugha ya huko. Mwezi wa Machi 1898 alishuka Mombasa. Reli iliyoanzwa 1896 ilikuwa imeshapita Voi na kufika mto Tsavo. Akapewa kazi ya kuweka daraja la kudumu.

Mawe ya nguzo hayakuwa karibu na mto. Ilibidi yachongwe machimboni, kisha yasombwe kwa reli ndogo. Huko machimboni Patterson aliona wengi wanalipwa mshahara wa mwashi na uashi hawaujui. Akaamua kila mtu alipwe kulingana na kazi yake. Basi wakakasirika, wakapanga kumuua. Alipona chupuchupu.

Tena kulikuwa na simba dume wawili waliowatoa makuli hemani usiku na kuwala. Desemba ile makuli walichoka. Walilala relini mbele ya garimoshi, likasimama, wakapanda wakaenda zao pwani. Kazi ya daraja ikalala kama wiki tatu! Kabla ya mwaka kwisha Patterson aliwaua simba wote wawili, makuli wakarudi, na mapema 1899 daraja likamalizika.

Mwaka wa 1907 alitoa kitabu akawa maarufu. Baadaye alidai simba wale walikula watu 135, lakini wataalamu waliopima nywele na mifupa yao walikadiria mwaka wa 2009 kuwa ni kama 35. Ngozi aliziuza kwa jumba la makumbusho la Chicago mwaka wa 1924. Alifariki Marekani mwaka wa 1947.

Patterson alikuwa jasiri, hilo hatukatai. Lakini makuli karibu 32,000 walitoka India kujenga reli hii hadi Kisumu, na kama 2,500 walikufa. Jina lake tunalijua, ya kwao hatuyajui. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hivyo wenzangu, ukivuka Tsavo usimkumbuke mwenye bunduki peke yake. Wakumbuke na waliobeba mawe.