Dorothea Dix, Mwalimu Aliyewatetea Wasio na Makao

Je, msomaji, ushawahi kumpita mtu aliyelala kando ya barabara, anaongea peke yake, watoto wanamwita chizi na kumrushia mawe? Huyo ni mgonjwa, tena hana kwao. Basi tega sikio nikupashe habari za mwalimu mmoja wa Marekani aliyekataa kuwapita watu kama hao.

Dorothea Dix alizaliwa tarehe 4 Aprili 1802 huko Hampden, jimbo la Maine. Nyumbani hakukuwa na raha, maana baba alikuwa mlevi. Akiwa na miaka 12 alienda kuishi kwa nyanya yake mjini Boston. Alipofika miaka 14 alikuwa tayari anafundisha shule. Hebu fikiri, umri wa kidato cha kwanza!

Machi 1841 alikwenda kuwafundisha wanawake somo la Jumapili katika jela ya East Cambridge. Lo! Alikuta wagonjwa wa akili wamechanganywa na wahalifu, katika vyumba visivyo na moto, na baridi ya huko si mchezo. Kosa lao? Kuugua tu, na kukosa mtu wa kuwatunza. Aliambiwa ati wendawazimu hawasikii baridi. Dix hakuyameza hayo. Alilifikisha jambo hilo mahakamani, na moto ukawashwa.

Hakuishia hapo. Alizunguka jela na nyumba za maskini kote Massachusetts, akiandika kila alichokiona: watu waliofungwa minyororo, waliotiwa vizimbani, waliopigwa. Januari 1843 ripoti yake ikafika bungeni. Kwa kuwa zamani hizo mwanamke hakuhutubia bunge, iliwasilishwa na rafiki yake, Samuel Gridley Howe. Wengine walidai ametia chumvi, lakini mwishowe hospitali ya Worcester ilipanuliwa. Mwaka 1848 ikafunguliwa nyingine mpya mjini Trenton, New Jersey. Kwa jumla, hospitali zaidi ya 30 zilijengwa au kupanuliwa kwa juhudi zake.

Mwaka 1854 bunge la taifa lilikubali kutenga ekari milioni 10 ili kugharamia wagonjwa hao. Rais Franklin Pierce akakataa kutia sahihi, akisema kutunza maskini ni kazi ya majimbo. Bidii ya miaka ikaenda na maji.

Baadaye hospitali hizo zilijaa kupita kiasi. Katika karne ya 20 nyingi zilifungwa, na wagonjwa wengi waliotoka bila nyumba wakaishia barabarani na jela, kule kule alikowatoa Dix. Kumpa mgonjwa dawa kisha kumwacha alale nje ni kuteka maji kwa pakacha.

Dix alifariki tarehe 17 Julai 1887 katika hospitali ya Trenton, alikopewa vyumba vya kuishi uzeeni. Aliyewatafutia wengine makao naye akayapata mle mle.

Wenzangu, kesho tukimwona yule wa barabarani, tuweke mawe chini. Utu ni huo.