Gunnar Andersson: Kabla ya Drogba na Papin, Marseille ilikuwa na Msweden wake

Leo tunarudi nyuma kidogo. Ukiuliza kijiweni ni straika gani alitisha pale Olympique Marseille, wengi watakujibu fasta: Didier Drogba. Hakuna ubishi. Msimu wa 2003/04 jamaa alitupia mabao 32 kwenye mashindano yote, akaibeba timu mpaka fainali ya Kombe la UEFA, halafu Chelsea wakaja na mzigo wa hela. Wenye umri kidogo watakutajia Jean-Pierre Papin.

Sasa fungua orodha ya wafungaji wa muda wote wa klabu hiyo. Jina la kwanza juu kabisa si Drogba wala Papin. Ni Gunnar Andersson, Msweden, aliyeifungia Marseille mabao zaidi ya 190 katika miaka ya 1950. Na mtu huyo huyo alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 41 tu, hana kitu mfukoni, akiwa njiani kwenda uwanjani kuitazama timu yake. Tulia nikupe mkanda mzima.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1928 huko Arvika, mji mdogo magharibi mwa Sweden, karibu na mpaka wa Norway. Akachezea IFK Göteborg, kisha akavuka kwenda Denmark kwenye klabu ya KB ya Copenhagen. Mwaka 1950 akatua Marseille, mji wa bandari wenye jua kali, samaki, makelele na watu wa kila rangi. Kwa kijana aliyetoka kwenye theluji, hiyo ilikuwa dunia nyingine kabisa.

Mashabiki wa Marseille hawakuchelewa kumpachika jina. Miguu yake ilikuwa imegeukia nje kama ya bata, ndiyo wakamwita Bwana Saa Nne na Dakika Kumi. Angalia saa ya mishale ikifika muda huo, mshale mmoja uko kwenye 10 na mwingine kwenye 2. Basi ndivyo alivyosimama jamaa. Ukimtazama unaweza kucheka, lakini makipa walikuwa hawacheki.

Msimu wa 1951/52 alifunga mabao 31 kwenye ligi na kuwa mfungaji bora wa Ufaransa. Sasa hapa ndipo utaona maajabu. Timu yenyewe ilikuwa hoi. Msimu huo huo Marseille walipigwa 10-3 na Saint-Étienne, tena nyumbani kwao! Wakaponea chupuchupu kushuka daraja, mpaka wakalazimika kucheza mechi za mchujo na Valenciennes ili wabaki. Yaani mfungaji bora wa nchi nzima alikuwa anachezea timu inayopigania roho yake. Ukimtoa yeye, sijui wangekuwa wapi.

Msimu uliofuata, 1952/53, akaongeza dozi: mabao 35, mfungaji bora tena. Mara mbili mfululizo!

Mwaka 1954 wakafika fainali ya Kombe la Ufaransa dhidi ya Nice. Ndani ya timu ile alikuwemo Larbi Ben Barek, fundi kutoka Morocco, mmoja wa Waafrika wa mwanzo kabisa kuwa nyota Ulaya. Nice wakashinda 2-1, na bao pekee la Marseille lilifungwa na nani? Andersson. Kombe hakulipata. Kwa kweli ukihesabu makombe yake pale Marseille, unapata Kombe la Charles Drago la 1957, shindano dogo la timu zilizotolewa mapema kwenye Kombe la Ufaransa. Mabao kibao, makombe kiduchu.

Kwenye timu ya taifa ndiyo balaa zaidi. Miaka ile Sweden ilikuwa na msimamo mkali: mchezaji akienda nje kulipwa, timu ya taifa asahau. Soka kwao lilikuwa la ridhaa. Kwa hiyo Andersson alikuwa anawatesa mabeki wa Ufaransa na kwao wanamtazama tu. Akachukua uraia wa Ufaransa, akachezea timu B ya nchi hiyo, lakini timu A hakuitwa.

Sweden wakalegeza kamba kuelekea Kombe la Dunia la 1958, maana walikuwa wenyeji na walitaka kushinda. Wakawarudisha mafundi wao waliokuwa Italia. Mwisho wa siku Brazil bingwa, Sweden wa pili, Ufaransa wa tatu huku Just Fontaine akifunga mabao 13. Fikiria hapo: nchi zake zote mbili, ya kuzaliwa na ya kuchagua, zimeingia tatu bora ya dunia, na yeye hayupo kwenye kikosi chochote. Alikuwa hata miaka 30 hajafika.

Mwaka huo huo wa 1958 safari yake Marseille ikaisha. Akapita Montpellier, akapita Bordeaux, akapita Aix, mji wa jirani. Na Marseille bila yeye? Mwaka 1959 wakashuka daraja, kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Baada ya mpira maisha yakamgeuka. Tatizo la pombe lilimwandama, na hela haikukaa. Akarudi Marseille, lakini si kwa shangwe. Mtu aliyekuwa anaimbwa na uwanja mzima akawa kuli bandarini, anabeba mizigo ili apate ya kula.

Rahisi kusema alijitakia, ulabu huo. Ni kweli pombe ilimmaliza, ila tusiishie hapo. Enzi zile mchezaji Ufaransa alifungwa na klabu yake mpaka afikishe miaka 35. Klabu ikitaka kukuuza inakuuza, ikitaka kukubania inakubania, wewe huna kauli. Chama cha wachezaji kilikuja kuanzishwa mwaka 1961, na kati ya waliokianzisha, pamoja na Fontaine na Raymond Kopa, alikuwemo Mwafrika mwenzetu, Eugène Njo-Léa wa Cameroon. Mkataba wa muda maalumu wakaupata mwaka 1969. Ndiyo, mwaka ule ule aliokufa Andersson. Haki imefika, mwenyewe anaondoka.

Mwaka huo huo Marseille ilichukua Kombe la Ufaransa kwa kuifunga Bordeaux, klabu zake mbili za zamani. Ushindi huo ukaipeleka timu kwenye Kombe la Washindi Ulaya. Tarehe 1 Oktoba 1969 walikuwa wanaikaribisha Dukla ya Prague. Andersson akaondoka kwenda kuangalia mechi kama shabiki mwingine yeyote. Moyo ukasimama njiani. Uwanjani hakufika. Marseille wakashinda usiku ule na kusonga mbele.

Na yule Ben Barek wa fainali ya 1954? Alifariki Casablanca mwaka 1992, peke yake ndani ya nyumba, na siku zikapita kabla watu hawajagundua. Wawili wa kikosi kimoja, mwisho unaofanana.

Hapo ndipo ninapopaona pazito. Goli linaandikwa kwenye rekodi na linakaa pale hata miaka 70. Aliyelifunga anatakiwa kula, kulipa kodi ya nyumba na kutibiwa akiwa na miaka 40, na rekodi haimsaidii kitu kama hakuna aliyemwekea utaratibu mapema. Sisi mashabiki tunakumbuka jezi, mtu aliyekuwa ndani yake tunamsahau akishachoka.

Haya wadau, uwanja wenu. Mchezaji akifulia baada ya soka, mzigo ni wake peke yake, au klabu iliyomtumia nayo inadaiwa? Shusheni maoni hapo chini, ila bila matusi.